Jiwe Kwanza, Mchanga Baadaye

Saa tatu na robo asubuhi. Mwanamke aliyejifunga kitambaa cha kijani kichwani amepiga magoti juu ya stuli, kiwiliwili chake chote kimezama ndani ya tangi la kioo lisilo na maji. Kinachoonekana nje ni miguu tu, na soksi moja yenye tundu kidoleni.

Ameweka kiganja juu ya jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Analisukuma kushoto, analisukuma kulia. Jiwe linatoa sauti ndogo, kama mtu anayesaga meno usingizini.

"Wewe bado," analiambia.

Analigeuza, analipapasa mpaka anapata upande wake wa kukalia, analirudisha. Anatikisa tena. Kimya.

"Haya, sasa umekaa."

Mtaani kwake wanamwita Mama Tikisa. Jina hilo alibandikwa kwa kejeli na mafundi wenzake, kwa sababu hakuna pambo linaloingia katika tangi la samaki la mteja wake kabla hajalitikisa. Liwe jiwe, gogo, chungu au kijumba cha udongo, lazima lipite mkononi mwake.

"Wacha waniite," anasema, akijipangusa vumbi puani. "Kikitikisika kwa mkono wangu, kitaanguka kwa mkia wa samaki."

Ana miaka arobaini na mitatu. Kazi alifundishwa na mumewe, fundi aliyefariki miaka miwili na miezi minne iliyopita baada ya siku tisa hospitalini. Alimwachia ndoo mbili, msumeno, sanduku la vifaa na simu ya vitufe ambayo namba zake zimefutika. Hajabadilisha simu wala laini, na mpaka leo wapo wanaopiga wakimtafuta marehemu.

Hata sasa inaita. Anaitoa mfukoni bila kushuka kwenye stuli.

"Namwomba fundi," inasema sauti ya mwanamume.

"Fundi ndiye anayeongea."

"Hapana, mama. Yule mzee."

"Yule alifariki. Kazi yake haikufariki. Tangi lako lina nini?"

Simu inakatwa. Anairudisha mfukoni kama mtu aliyekwisha kuizoea mvua.

Watu wengi hudhani shida ya kufuga samaki nyumbani ni samaki. Yeye anasema samaki hana shida, shida ni mapambo. Kila jiwe hulidondoshea siki kwanza. Likitoa povu halifai, maana litaharibu maji. Mimea ya plastiki huipitishia soksi nyembamba ya kike, na ikinasa uzi, itachana mapezi. Gogo hulifunga kwa skrubu isiyoshika kutu juu ya jiwe bapa, lisije likaelea. Na kati ya pambo na kioo huacha upana wa kiganja.

Lakini sheria kubwa ni moja, nayo marehemu aliiandika kwa kalamu nene ndani ya kifuniko cha sanduku lake: *Jiwe kwanza, mchanga baadaye.*

Jiwe zito hukaa juu ya plastiki laini iliyotandikwa chini ya tangi, ndipo mchanga humwagwa kulizunguka. Ukianza na mchanga, siku samaki mchimbaji atakapochimba chini yake, jiwe litalala upande.

Mama Tikisa anaijua sheria hiyo kwa sababu aliwahi kuivunja.

Ilikuwa mwezi wa tatu baada ya mazishi. Alikwenda peke yake nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Kichwa chake, anasema, hakikuwa mahali pake. Mwalimu alitaka kuona mchanga mweupe ulivyo mzuri, naye Mama Tikisa akaumwaga kwanza, kisha akaweka jiwe juu. Siku ya nne lilianguka na kupasua kioo cha mbele. Lita mia mbili zikamwagika sebuleni, zikaingia mpaka chini ya kabati la vitabu.

"Nilikwenda na matambara yangu. Nilipiga magoti nikakausha sakafu, nikaanika vitabu uani kimoja kimoja. Kioo kipya nilikibandika kwa mikono hii. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta niliujenga kweli, wa kioo."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki machoni. Mumewe alimwachia wateja kumi na tisa, na baada ya siku ile walibaki saba. Mtaani ukazuka msemo: mwenye kazi amekufa, kazi nayo imezikwa.

Ndiyo maana kazi ya leo ni nzito. Mwenye nyumba ni mkandarasi wa majengo, na jengo lake la ghorofa sita liko karibu kukamilika. Ukumbini mwake kutawekwa tangi kubwa kuliko yote ambayo Mama Tikisa amewahi kuyagusa, na mkandarasi amesema wazi kwamba atakayempendeza hapa nyumbani ndiye atakayepewa na kule.

Tangi hili ni la mama yake mzazi. Bibi huyo ana miaka themanini na moja, miguu haimbebi tena, na kiti chake cha magurudumu kimeegeshwa hatua moja kutoka kwenye kioo. Hapo ndipo anaposhinda kutwa. Samaki wake wanangoja kwenye beseni kubwa pembeni mwa chumba, akiwemo wa manjano anayependa kuchimba, ambaye bibi amempa jina la Katapila.

Saa tano mkandarasi anaingia, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

"Fundi, wageni wangu wanafika saa kumi. Maji unajaza saa ngapi?"

"Keshokutwa, bosi."

"Keshokutwa ya nini? Mawe si yameshapangwa?"

"Yamepangwa, hayajashika. Mnara huu uliotaka ufike juu nimeuunga kwa gundi ya silikoni. Inataka siku mbili."

"Mwenzako Fundi Chapchap ameniambia saa mbili zinamtosha." Anamtazama kuanzia kitambaa mpaka soksi. "Kwani si wewe uliyepasua tangi la yule mwalimu?"

Pampu ya hewa inanguruma kwenye beseni.

"Ndiyo mimi," anajibu Mama Tikisa. "Na ndiyo maana sijazi maji leo."

"Basi nampigia Chapchap."

"Mpigie. Lakini kabla hajafika, mama yako umhamishie chumba kingine. Maji yakimwagika hayatauliza nani alikuwa na wageni."

Kisha anavuta stuli, anaketi kando ya kiti cha bibi na kukunja mikono. Haondoki. Bibi naye anakunja yake.

"Bosi, nikuulize," anasema Mama Tikisa. "Zege ukilimwaga leo, ghorofa unaipandisha leo?"

"Zege ni kitu kingine."

"Haya. Ingiza mkono, tikisa mwenyewe."

Mkandarasi anapandisha mkono wa shati, anaingiza kiganja ndani ya tangi na kuusukuma mnara, si kwa nguvu, ni kama mtu anayejaribu mlango. Jiwe la juu linateleza kwenye silikoni mbichi, linapinduka na kudondoka kwa kishindo juu ya plastiki, vidole vinne kutoka kwenye kioo. Bibi anashtuka na kushika magoti yake yasiyosikia kitu.

Mkandarasi anatazama jiwe, anatazama kioo, halafu anatazama miguu ya mama yake.

Bibi anamgeukia. "Mwanangu, mimi nilikubeba miezi tisa. Wewe siku mbili zimekushinda?"

"Mama, wageni watakaa wanaangalia mawe makavu?"

"Wataniangalia mimi. Niko hapa tangu asubuhi, na nimeoga."

Mkandarasi anajaribu kuzuia kicheko, kinamtoka puani. Simu ya kumwita Chapchap haipigwi. Anatoka bila kuaga, na Mama Tikisa anarudi kwenye stuli kuunga upya jiwe lililodondoka. Jioni wageni walikuta karatasi imebandikwa kwenye kioo: *Usijaze maji. Mawe yanakauka.* Inasemekana bibi alisimulia kisa cha jiwe mara tatu, na kila mara jiwe liliongezeka ukubwa.

Siku ya tatu asubuhi harufu kali ya silikoni imekwisha. Mama Tikisa anatikisa mnara kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Ndipo anapomwaga mchanga kuzunguka mawe. Maji anayamimina polepole juu ya sahani iliyolala mchangani, yasije yakauchafua. Mchana, maji yakiwa tayari, anawaingiza samaki.

Katapila hasalimii mtu. Anakwenda moja kwa moja chini ya jiwe kubwa na kuanza kazi, anabugia mchanga na kuutema nyuma, anabugia na kutema. Mama Tikisa amesimama nyuma ya bibi, mikono yote miwili imeshika mgongo wa kiti. Shimo linaongezeka mpaka plastiki ya chini inaonekana. Katapila anaisukuma kwa pua, anazunguka, anajaribu upande mwingine.

Jiwe halijasogea hata unywele.

"Amekoma," anasema bibi.

"Hajakoma, mama. Atachimba mpaka uzeeni. Jiwe ndilo halitakoma kukaa."

Mkandarasi anaangalia akiwa mlangoni. "Kuhusu lile jengo," anasema, "nitakupigia."

"Ukipiga, nipe siku tano. Chini ya hapo, mpe Chapchap."

Mpaka tunaandika habari hii, wiki tatu zimepita na mkandarasi hajapiga. Mama Tikisa anasema hatapunguza hata siku moja. Waliopiga ni wageni wawili wa jioni ile, na wote walimwomba bibi namba ya "yule anayetikisa." Mwalimu mstaafu naye amemrudia. Wateja sasa ni kumi.

Kwa sababu hiyo ameamua kutosubiri jengo la mtu. Amepata chumba kidogo chenye mlango wa barabarani, na anapanga kujenga humo matangi yake mwenyewe, kioo kwa kioo, na kuyauza yakiwa na mapambo yaliyokwisha kushika. Anataka kumi na mawili kabla mwaka haujaisha. La kwanza tayari limesimama kwenye kona, tupu, na kipande cha karatasi juu yake: *Linakauka.*

Nje ya mlango ametundika kibao cha zamani cha marehemu: FUNDI WA MATANGI YA SAMAKI, na namba ya simu ileile. Shemeji yake alimshauri akipake rangi upya, afute na kuanza mwanzo. Alikataa. Herufi za mumewe ameziacha zilivyo, na chini yake ameongeza mstari mmoja kwa mkono wake: ULIZA MAMA TIKISA.

"Sasa watakaopiga wakimtaka fundi," anasema, "wajue ni nani atakayepokea."

Anapiga msumari wa mwisho, anashuka kwenye stuli, anaweka kiganja juu ya kibao. Anakisukuma kushoto, anakisukuma kulia.

"Haya," anakiambia. "Sasa umekaa."