Moja ya Mia Tano kwa Bibi Anayetetemeka

Mtaani walimwita Tulia, kwa sababu kwa miaka ishirini na mbili kila picha aliianza kwa neno hilo. Studio yake ya picha za vitambulisho ilikuwa na taa mbili hafifu. Shata ya kamera, kile kilango kinachoingiza mwanga, aliiweka moja ya thelathini ya sekunde, akabandika utepe juu ya kitufe kisisogee. Kisogee kwa nini? Wateja wake walikaa kama mawe.

Leo mbele yake aliketi bibi ambaye kichwa chake hakikukoma kutetemeka. Ofisi ya pasipoti ilikwisha kuzikataa picha zake mbili: uso umekuwa ukungu. Na pasipoti yenyewe aliitaka ili avuke mpaka akatibiwe ugonjwa huo huo wa kutetemeka. Yaani apone kwanza, ndipo aruhusiwe kwenda kuponywa! Hospitali ilimtarajia wiki ijayo, na dirisha la maombi lingefungwa leo saa tisa. Sasa ilikuwa saa saba na nusu.

"Bibi, jikaze kidogo tu."

"Nimejikaza tangu mwaka juzi, mwanangu. Mwambie huyu mpiga ngoma aliyemo kichwani."

Binti yake, aliyesimama kando, hakucheka. "Kaka, mama hawezi kutulia. Kamera yako nayo haiwezi kukimbia?"

Tulia akautazama ule utepe. Aibu ikampanda hadi masikioni. Miaka yote alikuwa akiwagombeza watoto wachanga na wazee, kumbe mvivu ni yeye. Kutikisika si kosa la mtu. Chombo ndicho kinachopaswa kumfuata binadamu.

Akaubandua utepe kwa ukucha. Akaiweka shata moja ya mia tano ya sekunde: picha ikatoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Kilango kilijifunga upesi mno, mwanga haukuwahi kuingia. Basi aufuate uliko. Akabeba kiti nje, akakiweka penye kivuli ili jua lisimkunje bibi uso. Binti akashika shuka jeupe nyuma ya mama yake. Hata kivulini, nje kulikuwa na mwanga mwingi kuliko studio. Tulia akalifungua jicho la lenzi lote.

"Nitulie?"

"Tetemeka utakavyo, mama yangu."

"Hee! Leo nimepata fundi."

Kichwa kilikwenda kushoto, kikaja kulia, na kila kilipotaka kugeuka kilisita kidogo, kama bembea. Akabonyeza pale pale kiliposita. Mara tano. Akaikuza picha ya mwisho: kope zilihesabika moja moja.

Akaichapa, na binti akatoka mbio nayo kwenda ofisini. Saa tisa kasoro dakika tano simu ikalia.

"Wamepokea! Karani anauliza mama alipona lini!"

Tulia akaketi chini kando ya kiti, akicheka peke yake. Bibi akamgusa bega.

"Haya, sasa niletee maji. Na kikombe usikijaze, nitakuogesha."