Mpelelezi wa Saluni

Januari hii nilikuwa saluni hapa Tunduma nikisubiri zamu, masikio wima. Akina dada wawili, mashoga, walikuwa wakisifia riwaya za upelelezi, mmoja kichwa kimesukwa nusu, riwaya mapajani.

“Mimi ukurasa wa kumi tu, muuaji nishamjua!” akatamba huyo wa kusukwa.

“Na shemeji mbona haonekani?” mwenzake akauliza.

“Yuko Ndalambo wiki ya tatu, anasimamia uvunaji wa mahindi yetu.”

Msusi akasimamisha kitana. Mahindi ya Januari huku kwetu, wenzangu, ndiyo kwanza yanafika magotini.

“Shoga, anavuna majani?” msusi akauliza.

Bibie akajitanda khanga juu ya ile nusu, akakimbilia gari la Ndalambo.

Mhalifu wa kitabuni ni rahisi kumjua, humfulii mashati. Riwaya aliisahau kitini. Ninayo mimi, nasubiri aifuate anisimulie ya Ndalambo.