Mgomba Uliozikwa Badala ya Boaz

Kageha husuka nywele mtaani Laini Saba, katika kibanda cha mabati kinachotazamana na reli, na treni ikipita katikati ya maneno yake hanyamazi. Hupandisha tu sauti. Ana ulimi, mama huyu. Wasiompenda husema ana mdomo, na wanaompenda hawabishi.

Ulimi huo ameupeleka mtandaoni. Ana ukurasa unaoitwa Dada Anaongea, na kazi yake ni moja: kuwaumbua wanaume wanaozunguka mitaani wakiwashawishi vijana waende Somalia kubeba bunduki. Haandiki kama wasomi. Huandika hivi: “Kijana wangu, ni kazi gani ya mjengo inataka uzime simu kabla ufike Garissa?” Vijana hucheka, na wakishacheka husoma mpaka mwisho. Mambo ya dini amemwachia rafiki yake Zamzam, Mnubi wa Makina anayefundisha madrasa, kwa sababu Kageha mwenyewe ni wa kanisani na anajua mipaka yake. Mtu akileta aya nusu ili ahalalishe mauaji, Zamzam huileta nzima, na huyo mtu harudi tena.

Mikono ya Kageha huwa imezama kwenye nywele na mafuta kutwa nzima, kwa hiyo simu hushikwa na anayesukwa. Mteja humsomea maoni ya watu kwa sauti, Kageha humtajia la kujibu, mteja anaandika. Wamezoea hivyo. Kuna wanawake wanaokuja kusukwa nywele ambazo hazijafumuka, ilmradi washike simu ile.

Vitisho anavipata, tena vingi. Aliwahi kutumiwa picha ya kisu akajibu kwamba kinahitaji kunolewa. Lakini usiku huo hakupata usingizi, maana si mjinga.

Yote hayo ni kwa ajili ya Boaz, mdogo wake. Boaz alikuwa seremala, kijana mpole wa kuamini watu ovyo, akaahidiwa kazi ya kuezeka shule huko Mandera na jamaa mmoja mcheshi aliyekuwa akimnunulia chai. Akaenda. Simu ikazimika. Baadaye wakasikia amevuka mpaka na kupewa jina jipya na bunduki, kisha wakasikia ameuawa. Mwili haukuletwa. Kwao Vihiga, mtu akifia mahali asipoweza kurudishwa, ukoo hukata shina la mgomba, hulivika shuka, hulilaza kaburini na kulililia kama mtu, ili marehemu apate mahali pake nyumbani na waliobaki wapate kupumzika. Boaz alifanyiwa hivyo. Mama yao aliuangukia ule mgomba akiuita kwa jina, na Kageha akaenda nyuma ya jiko akatapika. Ukurasa aliufungua wiki hiyohiyo, na kisa cha Boaz ndicho alichokiandika kwanza.

Sasa shika jambo hili vizuri, maana kisa chote kimesimama hapo: Boaz hakuwa amekufa.

Mwaka jana alimpigia Kageha kwa nambari ngeni, sauti imemkauka. Alikuwa ametoroka, akajisalimisha kwa serikali, akahojiwa mpaka waliomhoji wakachoka, akaachiliwa. Lakini serikali haiwezi kulala mlangoni pa kila mtu, na watu wale hawamsamehe aliyewakimbia. Wakijua yu hai humsaka. Wakiamini amekufa humsahau. Kilichokuwa kikimlinda Boaz ni kifo chake. Basi akahamia Kawangware, upande mwingine wa jiji, akapanga chumba katika ploti ya Njambi, mama asiyeuliza maswali mradi mpangaji hapigi redio kwa sauti, akawa anaunda vitanda kwa jina la Walubengo. Waliojua ni Kageha na Zamzam, basi. Mama yao hakuambiwa. Mama yule hajui kudanganya. Uongo ukimfika mdomoni uso wote unabadilika, na furaha ndiyo kabisa, angeisimamia kanisani Jumapili na kuitolea ushuhuda huku akirukaruka.

Kisha akatokea mtu mtandaoni aliyejiita Mkweli wa Mtaa.

“Hii story ya brother yako ni ya kutunga,” aliandika. “Kama alikufa, kaburi iko wapi?”

Kageha akampuuza. Kesho yake akarudi na swali lilelile, na kesho kutwa, safari hii wengine wakaanza kumuunga mkono: kweli, dada, mbona hujawahi kutuonyesha? Mwite Kageha mkali, mwite mnene, mwite kelele, atacheka nawe. Mwite mwongo uone.

“Wachana na yeye,” Zamzam alimwambia. “Anakutega.”

“Anitege na nini? Kaburi si iko?”

Akaiweka picha. Rundo la udongo mwekundu, msalaba wa mbao wenye jina la Boaz, maua ya karatasi, mama yao amesimama kando na leso kichwani. Chini yake akaandika: Huyu hapa. Sasa omba msamaha. Alijiona ameua ndege wawili kwa jiwe moja, amemnyamazisha mjinga na amezidi kumficha ndugu yake. Jioni ile alikula ugali kwa raha zake.

Asubuhi mteja wa kwanza alikuwa Eddah, muuza mitumba, aliyetaka nywele ndogondogo. Simu ikawa mkononi mwake.

“‘Pole sana dada.’ Huyu mwingine, ‘Mungu amlaze pema.’ Watu wamekuja wengi leo, heh! Huyu anaitwa Rachael ameandika mrefu. ‘Boaz mtoto wa ndugu yangu, hata mwili wako hatukuona. Tulizika mgomba tu. Lakini mimi moyo wangu unakataa, unaniambia uko hai mahali. Rudi nyumbani.’ Ai! Kwani mlizika mgomba?”

Kitana kilimponyoka Kageha. Senge Rachael, shangazi yao upande wa baba, aliyenunuliwa simu Krismasi iliyopita na bado anaandika kana kwamba anampigia mtu kelele ng’ambo ya mto. Hakuwa na ubaya hata chembe. Kwao kusema mgomba ni kusema msiba wenyewe, hakuna siri ndani yake. Na Kageha naye, aliyeulilia mgomba ule kwa machozi yake, alikuwa ameshaliona kaburi kuwa kaburi. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu angetaka kujua kimelala nini ndani.

“Futa hiyo! Futa haraka!”

“Nifute aje, na mtu ashamjibu?” Eddah akasogeza simu machoni. “Ni yule wa kusumbua. ‘Asante sana shangazi. Pole kwa yote.’ Leo ako na heshima, wacha!”

Kageha alipangusa mikono kwenye aproni, akaichukua simu, akafuta. Alipomaliza, ujumbe wa faragha ulikuwa umeingia. Haukuwa na tusi wala picha ya kisu. Ulisema: Dada, msalimie Boaz.

Aliogopa. Aliogopa mpaka akakaa juu ya ndoo ya maji bila kuangalia kama ina kifuniko. Miguu ilitaka kukimbilia Kawangware wakati uleule. Lakini alijua kwamba hilo ndilo walilokuwa wakilingoja, dada achanganyikiwe, akimbie kwa ndugu yake, na wao wafuate nyuma polepole. Akachungulia mlangoni. Ng’ambo ya reli alisimama mwanamume mwenye kofia ya kijivu, hanunui kitu, haongei na mtu, anatazama simu na kuinua macho, anatazama simu na kuinua macho.

Akampigia Zamzam, akijilazimisha kuongea kama mtu anayepiga porojo.

“Niaje Zamzam. Hivi ile kitanda yako ya Kawangware, fundi amemaliza?”

Zamzam hakuwa ameagiza kitanda chochote.

“Bado,” akasema. “Huyo fundi ananizungusha. Wacha nimwendee saa hii, lazima aniletee mpaka kwa nyumba leo.”

“Leo, Zamzam.”

“Nimeskia.”

Kisha Kageha akarudi kumsuka Eddah. Kati ya mambo yote aliyopitia, atakuambia hilo ndilo lililomshinda: kusimama pale na kugawa nywele mstari kwa mstari, huku hajui kama aliyekwenda Kawangware amefika wa kwanza au wa pili.

“Mathe, unanivuta!” Eddah alilia. “Hiyo kichwa ni yangu!”

“Pole. Inama.”

Kofia ya kijivu haikubanduka. Kageha alipofika kisogoni mwa Eddah, msichana anayekaanga chipsi kwenye kibanda cha pili alitoka, akavua kilemba, akavuka reli, na yule mwanamume akatabasamu meno yote nje. Wakaondoka wameshikana mikono. Alikuwa anangoja mpenzi. Kageha alicheka mpaka Eddah akageuka kumtazama, na alipogeuka akakuta mtu hacheki tena, analia.

Alifunga kibanda na kwenda Makina kwa Zamzam, njia aliyoizoea, kwa kuwa kwenda kwa Zamzam si habari mpya kwa yeyote. Nje ya mlango palikuwa na mkokoteni. Ndani, kitanda kipya kilichonukia vanishi kilijaza nusu ya chumba, na Boaz alikuwa ameketi ukingoni mwake, shati limelowa. Alikuwa amekisukuma kutoka Kawangware mchana kweupe, Zamzam akitembea kando yake na kumgombeza njia nzima kama mteja aliyecheleweshewa kazi. Watu walitazama kitanda. Aliyekisukuma hawakumtazama.

“Umenichoma, sister, umeniweka wazi,” Boaz alisema taratibu.

“Najua.”

“Ilikuwa picha tu?”

“Ilikuwa picha na kichwa yangu ngumu. Nisamehe.”

Boaz aliitikia kwa kichwa. Shemeji yake Zamzam ana lori, lingepita jioni na kumchukua. Kageha aliomba asiambiwe linakokwenda.

Hapo simu yake ikalia. Mama. Spika ya sikioni ya simu hiyo iliharibika zamani, kwa hiyo huongea kwa sauti ya nje, kila mtu akisikia. Alifikiri aiache ilie. Lakini mama asipojibiwa hupiga kwa majirani, akapokea. Mama aliongea Kimaragoli, pumzi juujuu.

“Kageha, kuna kijana amenipigia. Rachael ndiye amempa nambari. Ana heshima huyo! Anasema alifanya kazi na Boaz, ana nguo zake, anataka kumfikishia. Nikamwambia Boaz tulimzika. Akasema, lakini mama, si mlizika mgomba? Huenda yuko hai. Eti nimwambie yuko wapi, amsaidie. Wewe uko huko mjini. Mtoto wangu, usinifiche. Boaz yuko hai?”

Boaz alikuwa amesimama. Midomo ilimfunguka, na Zamzam akamshika mkono kwa nguvu. Kageha alimtazama ndugu yake machoni. Boaz akatikisa kichwa, mara moja.

“Hapana, mama,” Kageha alisema. “Alikufa.”

“Wewe unajuaje? Mwili hukuuona.”

“Nilionana na mtu aliyemzika. Alitoroka kule, akaja hapa. Aliniambia alimfunika kwa shuka yake mwenyewe, chini ya mti. Nilikuficha nisikuongezee uchungu.”

Mama akaanza kulia. Si kile kilio cha matangani ambacho kina wenzake wa kukipokea. Kilikuwa kidogo, cha mtu aliye peke yake jikoni. Boaz aliketi tena, akaingiza mkono wa shati mdomoni, akauma. Kageha alitaka kufa. Angeweza kusema neno moja tu, na mwanamke yule angeinuka akaimba. Hakulisema.

“Alifunikwa,” mama alisema hatimaye. “Basi Mungu ambariki aliyemfunika. Wacha nimpigie yule kijana, nimwambie asijisumbue.”

“Mpigie, mama.”

Wakangoja, wote watatu. Hilo ndilo Kageha alilolinunua kwa uongo ule: sauti ya mama asiyejua kudanganya, akilia kweli masikioni mwa mtu anayemtafuta mwanawe. Lori likapiga honi barabarani. Boaz hakuinuka. Simu ikalia tena.

“Nimemwambia,” mama alisema, sauti imechoka. “Amenisikiliza mpaka mwisho. Akasema basi, hatatafuta tena, Mungu atufariji. Mtoto wa watu mwenye adabu hivyo, Kageha. Ameniita mama.”

Boaz alikuwa ameshafika mlangoni, ameupa ukuta uso.

“Ni vizuri, mama,” Kageha alijibu. “Sasa pumzika.”