Ushuhuda Wangu wa Jumapili Ile

Jumamosi nilirudi Gahanga kuangalia nyumba ya bibi, nikakuta ukuta wa matofali pale palipokuwa na ua wa minyaa. Ua ule ulikuwa na tundu, rafiki yangu, la mtu mmoja kupita akiinama. Kila Jumatano alasiri jirani yetu alipenya pale, Biblia kwapani, bakuli la maharage mkononi.

Bibi alikuwa Mkatoliki wa kikundi cha karismatiki. Jirani alikuwa Mpentekoste, mwimbaji wa kwaya yao. Walichambua maharage, viazi vitamu vikichemka, kisha wakasali, wote wawili wakinena kwa lugha hadi kuku wakakimbia kutoka sebuleni.

"Mukecuru, weka shanga za rozari kando, Yesu anasikia bila kuhesabiwa," jirani alimtania bibi, akimwita kikongwe kwa lugha ya kwetu.

"Na wewe punguza kelele, Yesu si kiziwi."

Wakacheka.

Mimi nilikuwa na pumu. Jumatano moja kifua kilibana nikadhani ninakufa. Waliniwekea mikono, mmoja kichwani, mwingine mgongoni, rozari ikinigusa shingo. Nikapumua. Pumu haikurudi. Labda ingepona yenyewe, mimi si daktari.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kanisani kwa jirani, aliyetendewa jambo hutoa ushuhuda. Jumapili alinichukua, nikasimama mbele nikasema yote: mikono, lugha, rozari. Nilitegemea haleluya.

Jirani alisimamishwa kwaya, akakalishwa benchi la nyuma, bila Meza ya Bwana, mpaka atubu mbele ya watu kwamba alisali na wasiookoka. Miezi mitatu hakutubu. Kisha akatubu. Simlaumu, kuimba ndiko kulikokuwa uhai wake. Tundu la ua likaota majani.

Niseme haki. Mchungaji wao ndiye aliyembeba bibi hadi kituo cha afya alipovunjika mguu. Na kikundi chetu nacho kilimkataza bibi kumkaribisha jirani, maana wenzetu wawili walikuwa wamehamia kanisa la jirani, wakabatizwa upya. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningempata mkosaji mmoja ningetulia. Au ni mimi? Nimeyaandika haya na kuyafuta mara ngapi, sijui.

Siku hizi naona huko mjini, Remera, madhehebu yanasali pamoja, viongozi wameshikana mikono jukwaani. Ni vizuri, sibishi. Lakini bibi ameshazikwa.

Jirani bado yupo. Nilipobisha Jumamosi hiyo alifungua geti nusu, macho yamefifia, akanitambua kwa sauti.

"Kifua kilirudi?"

"Hapana, mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Basi tulisali vizuri," akanong'ona, kisha akachungulia barabarani kama kuna aliyesikia.

Bibi aliendelea kuweka kiti cha pili kila Jumatano, akilingoja neno hilo. Kumbe lilikuwa hapo hapo, upande wa pili wa ukuta.