Kurasa Zilizobanwa kwa Pini

Tuanze na huyo mwandishi, maana bila yeye fundi angekuwa anashona sare za watu kwa amani. Mtu umeandika vitabu vinene kama matofali, falme kwa falme, majoka, vita visivyokwisha, wafalme wenye majina ya kumkata msomaji ulimi. Watu wamekuvumilia. Wamelia wakikusoma. Umemaliza hadithi yako vizuri na umeshangiliwa, sasa si utulie? Wapi! Akarudi nyuma, akaandika kitabu cha mambo yaliyotokea kabla ya kitabu cha kwanza, mashujaa wote wakiwa bado vijana, na humo ndani akaenda kumpaka matope mtu ambaye hakumkosea kitu.

Mtu mwenyewe ni bawabu wa ngome ya kaskazini. Katika vitabu vyote vile hana hata jina, ni mzee wa langoni tu, funguo kiunoni, macho makavu, asiyelala. Wafalme wanakuja, wanauana, yeye yupo langoni. Joka linapoichoma ngome, kila mwenye cheo anakula kona, anabaki yeye peke yake, ameshikilia komeo la moto kwa mikono yake mpaka watoto wote watoke kwa mlango wa nyuma. Anafia palepale. Fundi alipoisoma sehemu hiyo, baba yake alimwambia, "Rudia hapo, mama. Polepole."

Maana kusoma kwenyewe kulikuwa kwa ajili ya baba. Fundi ana chumba chake cha kushonea, mlango unatazama barabara, meza ya kukatia, kioo cha wateja chenye ufa pembeni, na kando ya cherehani kiti cha mzee. Huyu mzee alikuwa bawabu wa kiwanda cha sabuni tangu ujana, na wenzake walimbandika jina la Komeo, kwa sababu hata meneja akisahau kitambulisho alirudishwa nyumbani kukifuata. Siku ya kustaafu walimpa mkono, wakapiga picha, basi. Halafu macho yakaanza kumwacha. Yakaondoka magazeti, zikafuata sura za watu. Kilichobaki ni masikio na binti wa kumsomea alasiri kazi ikipoa. Na katika umati wote ule wa vitabuni, mzee hakumchagua mfalme wala mpanda joka. Alimchagua bawabu. "Huyu mwandishi anaijua kazi," alikuwa akisema, uso umemkunjuka kama aliyepandishwa cheo. "Watu hudhani getini ni kukaa tu."

Sasa fikiria mwenyewe. Mwenye duka la vitabu anampigia fundi simu kwamba kitabu kipya kimeingia, na yule bawabu yumo, kijana kabisa. Fundi aliiacha suruali ya mteja ikining'inia kwenye sindano, akakimbia kukichukua. Mzee akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi, akawatangazia majirani. Fundi akasema ngoja nionje kidogo kabla sijamsomea. Laiti asingeonja!

Bawabu kijana alilala. Ebo! Alipelekewa mvinyo na mtu asiyemjua, akanywa, akalala langoni, maadui wakaingia na kuwachinja wanakijiji waliokuwa wamejificha ndani. Sura nzima ya vilio! Fundi alihisi kama amepigwa kibao mbele za watu. Alikitia kitabu kwapani, futi ya kupimia bado shingoni, akarudi dukani na kukibwaga juu ya meza.

"Hiki nini?"

"Kitabu, fundi," alisema mwenye duka.

"Bawabu amelala!"

"Ahaa, umefika pale! Si patamu?"

"Patamu? Mtu hajasinzia vitabu vyote vile, leo mnakuja kuniambia alikuwa mlevi? Nani kawaomba?"

"Dada yangu, mimi nauza tu, siandiki. Na ukisogea mbele kidogo utaona..."

"Sisogei popote!"

Njia nzima alikuwa akisema peke yake, watu wakimpisha. Hivi huyo mwandishi anajua kuna mzee amekaa kwenye kiti anasubiri? Anajua kwamba huyo bawabu wake ndiye mtu wa pekee duniani aliyewahi kumwambia mzee Komeo kwamba maisha yake hayakupotea bure? Hajui. Anavimba kichwa tu huko aliko. Basi fundi akakata shauri. Nguo ikiwa na kitambaa kisichotakiwa kuonekana, fundi hukikunja ndani na kukibana. Akachukua pini zake zenye vichwa, akaibana sura yote ya aibu, ukurasa kwa ukurasa, ili mkono wake usije ukateleza akaisoma.

Na kusema kweli haikuwa mara yake ya kwanza kukunja kitu. Kule kliniki alikompeleka mzee, daktari wa macho alimwita kando kwenye korido, mzee akabaki kwenye benchi. Daktari alieleza kwa kirefu, na hakuficha: macho yale hayarudi. Fundi akajikaza kisabuni, akarudi kwenye benchi na maneno mafupi. "Tuvute subira, baba. Matone yatafanya kazi." Tangu hapo mzee alikuwa akisema macho yakitulia atakwenda kuliona geti jipya la kiwanda, na fundi alikuwa akiitikia.

Alasiri hiyo akasoma. Alipofika kwenye mvinyo akaruka pini zake zote. "Kijana akaketi langoni," akasema kwa sauti ya kutungatunga, "na asubuhi ikafika."

"Asubuhi?" mzee aliuliza. "Na wale maadui?"

"Waliondoka."

"Wamepanda mlima na ngazi zao na magogo yao, wakaliangalia lango, wakageuka?"

"Labda walimwogopa, baba."

"Hm," alisema mzee.

Bahati mbaya, au nzuri, mteja akaingia kupimwa sare. Fundi akakiacha kitabu mapajani mwa baba yake na kwenda kwenye kioo. Mzee alikuwa na mazoea ya kupapasa unene uliobaki, ajue raha itaendelea mpaka lini. Fundi akiwa bado anapima kiuno alisikia, "Ah!" Mteja alipoaga na yeye kugeuka, mzee alikuwa na tone la damu kidoleni, na pini zote amezichomoa na kuzipanga kwenye mkono wa kiti.

"Nani kafunga hapa?"

"Baba..."

"Nimefunga na kufungua maisha yangu yote. Nikishika kitu kilichofungwa nakijua. Nani kafunga?"

"Mimi! Kwa sababu ni upuuzi, baba! Mtu mzima anakaa chini anaandika uongo, anamchafua mtu wa watu aliyekufa kishujaa, halafu tukae kimya?"

"Soma."

Akasoma, kwa hasira, akiyatema maneno kama maganda. Mvinyo, usingizi, vilio. Mzee hakutikisika. Mwisho wa sura yule kijana aliosha mawe ya lango kwa mikono yake, akakataa kuhamishwa pale, na kulala hakulala tena. Fundi aliyasoma haya kwa mara ya kwanza, maana kwenye kuonja kwake hakuwa amefika huko.

"Kwa hiyo ndiyo maana," mzee alisema taratibu. "Mimi nilidhani alizaliwa vile. Nilikuwa namwonea wivu." Kisha uso ukambadilika, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya getini, iliyowarudisha mameneja nyumbani. "Na hiki ndicho ulichotaka kuninyima? Mimi mtoto?"

"Sikutaka uumie, baba."

"Getini, mtu aliyeniambia kila kitu ni salama bila kunionyesha mzigo, huyo ndiye niliyempekua kwanza." Alimgeuzia uso, ingawa hakumwona. "Siku ile kliniki. Daktari alizungumza kirefu, mama. Sauti niliisikia, maneno sikuyapata. Wewe ukarudi na maneno mawili."

Fundi aliitafuta hasira yake yote ya mchana ule ije imsaidie. Haikuja.

"Soma alivyosema," mzee aliamuru. "Usiruke."

"Amesema hayarudi, baba."

"Yote?"

"Yote."

Nje magari yalipita. Machozi yalimtoka mzee, naye hakuyafuta. Kisha akazikusanya zile pini kwa kupapasa, mpaka ya mwisho, akamnyooshea binti yake.

"Hizi," alisema, "ni za nguo."