Picha ya Papa Bahati Tangu Saa Sita

Ndugu zangu, mucheke polepole, juu ile haya ingali inaniwasha mpaka leo. Mi mwenye diplome ya enformatike, masomo ya kompyuta (mama ameipachika kwa salon, juu ya picha ya ndoa yake!) nilishindwa na kitu yenye mutoto wa maternele, shule ya batoto badogo, angejua.

Patrone wetu, Maman Nabintu, iko na depo ya unga kule Kasha na biro, ofisi yetu, Muhumba. Alifunga kamera kwa depo, mi nikaandika programu ya kuvuta picha yake kila dakika kupitia enternete. Niliandika, ni kusema nilichukua maktaba ya bure ya kodi za kompyuta, kazi yenye benye akili walishamaliza, nikaongeza mistari kumi, nikajiita enjeniere. Shida, enternete ikikatika ekrani ya kompyuta inakuwa nyeusi, na mi sikutaka patrone aone nyeusi. Basi nikaamuru: picha mupya ikikosekana, onyesha ya mwisho, na chini yake saa ya sasa, kwa urembo. Akili mingi, si ndiyo?

Siku moja, saa nane, patrone akaleta bacommerçant batatu, wafanyabiashara wenzake, baone mashini. Kwa ekrani, Papa Bahati, sentinele wetu, mulinzi wa depo, iko kwa kiti, kidevu kifuani, analala. Nikafungua picha zote tangu saa sita: analala, analala, analala. (Bukavu muzima mvua inanyesha, kwa picha jua kali. Nikasema basi, Kasha wamebarikiwa.)

“Maman, programu yangu haidanganyi,” nikasema, kifua mbele.

“Miaka munane namulipa analala? Andika barua ya kumufukuza!”

Nilijua vizuri Papa Bahati iko na batoto sita kwa masomo. Nikaandika. Nikasahihisha hata bavirgule, zile alama za mukato, juu mi mutu wa kazi safi.

Patrone alikuwa anatafuta biki ya kusaini wakati mulango ulifunguka. Papa Bahati mwenyewe, amelowa chepechepe, ameshika pull yake, sweta ya baridi, imekunjwa kama mutoto.

“Maman, pole. Upepo uliangusha kamera yenu saa sita. Nimeifunga na pull isilowe. Depo nimemuachia bibi yangu.”

Yesu wangu! Nyuma yangu, kwa ekrani, saa nane na dakika kumi, Papa Bahati bado analala. Bacommerçant walicheka mpaka machozi. Patrone hakucheka.

“Enjeniere, musomee Papa barua yako.”

Nikasoma yote, na zile bavirgule, nikatamani sakafu inimeze. Muzee akasikiliza mpaka mwisho.

“Ile saa ya chakula nilipumuzika kidogo, ni kweli. Lakini mwanangu, namba yangu uko nayo. Simu haina yunite ya kupiga, ila inapokea. Juu ya nini haukuniita?”

Nilifuta ile amri ya picha ya mwisho siku ileile, na sitarudilia tena, haki ya Mungu. Leo picha ikikosa, ekrani inakuwa nyeusi ti, na mi napiga simu. Hata sijasema alo, muzee anatangulia:

“Niko macho, mwanangu.”