Kongosho la Letisia

Kijiji kizima cha Tlawi, ng'ombe wa harusi au wa msiba alichinjwa na Bonaventura. Miaka thelathini, na hakuna kiungo ambacho hakukijua kilipolala. Lakini karatasi ya hospitali aliyoniletea nimsomee ilikuwa na neno ambalo hakuwahi kulisikia: uvimbe kwenye kongosho. Mgonjwa ni mkewe, Letisia.

Alinijia mimi kwa sababu nafundisha baiolojia. Nilimpa shikamoo, nikamkalisha, na kwa ujuaji wangu nikaanza kutoa somo. Nikamwambia kwa Kiingereza huitwa pankreasi, jina lililotoka kwa Wagiriki wa kale, maana yake nyama tupu, kwa kuwa walipoipasua hawakukuta mfupa wala gegedu. Nikamchorea na picha.

"Kale kanyama ka nyuma ya tumbo?" Uso ukamfunguka. "Mwalimu, mimi kale nawatupia mbwa. Kumbe nimehangaika wiki nzima kwa kitu kisicho na kazi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Kongosho ndilo linalosaidia kusaga chakula na kutuliza sukari mwilini, na karatasi ilisema uvimbe umeshafika kwenye ini. Nikanyamaza. Mzee alikuwa anacheka, nami nikakosa moyo wa kumkatisha. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Akaenda kumwambia mkewe ni kinyama tu. Barua ya rufaa ikawekwa kabatini, wavune mahindi kwanza. Letisia akakonda, macho yakawa manjano, maumivu ya mgongo yakamkosesha hata kukaa.

Mwezi wa saba nilikwenda kumwona. Mumewe alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko. Aibu ikanishinda, nikawaeleza wote wawili kila kitu nilichoficha. Bonaventura hakunigombeza. Aliweka bakuli chini.

Letisia ndiye aliyesema, sauti imekwisha. "Mimi nilijua, mwalimu. Kitu kinachouma hivi hakiwezi kuwa cha bure." Akamgeukia mumewe. "Baba Judica, nilikuacha uamini kwa sababu ulikuwa umeanza tena kulala usingizi."

Mzee akamshika mkono. Alikuwa analia waziwazi, mbele yangu.

"Ila siku yangu ikifika usichinje wewe," Letisia akamwambia. "Mwite mdogo wako Tomaso. Wewe ukae ndani na Judica."